Picha la Kutisha Usiloliona Wala Kulisikia

Jamani, hivi nani aliwaambia Wamarekani kwamba mtu anayewindwa na muuaji lazima aongee kwa pumzi? Ikifika Oktoba, msimu wa Halloween, mapicha ya kutisha yanamwagwa kwenye kila programu ya kutazamia, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: steringi ananong'ona, adui anabamiza mlango kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mnong'ono, unapandisha sauti. Kishindo, unashusha. Mnong'ono tena. Saa moja na nusu hujatazama picha, umefanya kazi ya fundi mitambo bila mshahara, na jirani wa ghorofa ya chini ameshagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Usiende kuzibua masikio, hayana kosa. Sauti ya picha hizi hupangwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, au angalau spika 5 na moja ya besi, na maneno mengi hupitia spika ya katikati. Runinga yako nyembamba ina vispika viwili vilivyofichwa chini au mgongoni, vinahubiria ukuta. Vikibebeshwa mzigo wote huo, muziki unayameza maneno. Basi ingia kwenye mipangilio ya sauti, toa ile ya mzingo (surround), ya spika nyingi, uweke stereo, kisha washa hali ya usiku. Hiyo inabana pengo: mnong'ono unapanda, kishindo kinashuka. Kwenye runinga nyingi za Roku, bonyeza kitufe cha nyota picha ikiwa inaendelea. Kisanduku cha Apple TV kina swichi ya kupunguza sauti kubwa. Utamu utapungua kidogo, ndiyo. Heri ushtuke kidogo kuliko ushtakiwe.

Haya, umesikia. Kuona sasa!

Mila inasema zima taa. Umezima. Runinga nayo imegundua chumba kina giza, ikaamua kujipunguza mwanga ili ikuokolee umeme. Nani aliiomba? Umelipa dola zako, na sura pekee inayoonekana vizuri kwenye kioo ni yako mwenyewe, tena ndiyo inayotisha kuliko zote. Zima hali ya kuokoa umeme pamoja na kihisi cha mwanga. Taa ndogo iwekwe nyuma ya runinga, si nyuma ya kochi, maana ya nyuma ya kochi itang'aa kiooni mpaka mwisho wa picha.

Halafu acha kukimbilia palipoandikwa Brightness. Kwenye runinga nyingi hapo hapaongezi mwanga, panapandisha weusi, na ukizidisha usiku wote unageuka majivu. Mwanga wenyewe uko kwenye Backlight. Picha la kupimia lipo: Halloween la John Carpenter, la mwaka 1978. Kuna mahali Laurie, msichana anayewindwa, ameegemea ukuta analia, pembeni yake kuna mlango mweusi, na barakoa nyeupe inajitokeza humo polepole, kwa sababu mpiga picha alipandisha kitaa kidogo taratibu. Ukimwona muuaji tangu mwanzo, weusi wako umepanda mno. Usipomwona kabisa, umeushusha mno. Barakoa yenyewe ilikuwa ya Captain Kirk, yule nahodha wa Star Trek, ya bei isiyofika dola 2, ikapakwa rangi nyeupe. Kitu cha dola 2 kinafanya kazi yake, runinga ya mamia ya dola inakificha!

Kuna na ule ulaini wa kuudhi. Sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga inajitia ujuaji, inabuni fremu za katikati, na muuaji anateleza mithili ya mtangazaji wa sabuni. LG wanauita TruMotion, Sony Motionflow. Zima, au chagua Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 ili kuondoa vurugu hizo kwa mpigo mmoja.

Giza likikatika vipande vya mraba, hapo kioo hakihusiki. Mtandao umebana data, na giza ndilo huumbuka kwanza. Netflix wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya 1080p na 15 kwa ile safi zaidi ya 4K, kwa hiyo chomeka kebo ya intaneti. Diski ya Blu-ray inaweza kubeba hadi 40 za picha peke yake, na maktaba nyingi za umma huko Marekani huazima diski bure. Weka oda Septemba. Oktoba utakuta foleni.

Kengele ya mlango nayo. Tarehe 31 watoto wanakuja kuomba peremende, na kwa kuwa saa hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, Dallas jua linazama baada ya saa 12 na nusu jioni. Ukianza picha mapema, kila kisu kikipanda, kengele inalia. Gawa peremende mpaka saa 2 na nusu usiku, zima taa ya kibarazani (wenyewe wanajua maana yake: hapa hakuna tena peremende), ndipo ukae.

Ukikodi mtandaoni, kwa kawaida una siku 30 za kuanza na saa 48 za kumaliza tangu ubonyeze. Watu wanaanza Ijumaa saa 4 usiku, wanaogopa kwenye dakika ya 20, wanasema "tutamalizia Jumapili." Jumapili hiyo baba mwenye rimoti anatazama mpira mpaka saa 4 kasorobo, na picha lina dakika 71 zilizobaki.