Oili ya injini: usingoje taa, na usizidishe

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haipimi kiwango cha oili. Inaonya kwamba shinikizo limeshuka, na kama sababu ni upungufu, basi oili imeshashuka mpaka pampu inanyonya hewa. Ikiwaka ukiwa barabarani, egesha pembeni na uzime injini hapo hapo. Usijiambie kwamba utafika kwanza, maana beringi za krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zikikosa oili huungua kwa muda mfupi sana. Yapo magari yenye taa ya njano ya kiwango, nayo inasaidia, lakini kijiti cha kupimia oili, kile kinachochomolewa kwenye injini, ndicho cha kuaminiwa.

Kupima hakuhitaji fundi. Weka gari mahali tambarare kabisa, kwa sababu likiinama hata kidogo kipimo kinadanganya. Injini iwe imepata moto wa kawaida, kisha izime na usubiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. (Watengenezaji wengine hutaka upime injini ikiwa baridi, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.) Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Hapa wengi hukosea: wanasoma mara ya kwanza kabla ya kufuta, wakati oili imetapakaa kijiti kizima. Tazama pande zote mbili, na zikitofautiana, fuata upande unaoonyesha chini zaidi.

Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye kijiti ni takriban lita 1. Kwa hiyo ukikuta oili iko katikati, huhitaji zaidi ya nusu lita, na kwa kweli unaweza kuiacha ilivyo. Ukiongeza, tumia oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu, mfano 5W-30, mimina robo lita, subiri dakika chache, pima tena.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni ile tabia ya kumalizia galoni “isibaki bure”. Injini inayochukua lita 3.7 haidai lita 4. Oili ikipita sana alama ya juu, krenki inaanza kuichapa inapozunguka, na oili inajaa povu. Povu lina hewa, na hewa haiwezi kubeba uzito wa beringi. Kwa hiyo aliyezidisha kwa nia njema anaweza kuishia pale pale alipoishia aliyesahau kuongeza. Oili nyingine huvutwa kupitia bomba la kupumulia la injini, ikaungue kwenye silinda na kutoa moshi wa bluu. Ukiikuta imezidi, ipunguze: ingiza mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti na uivute kwa bomba la sindano kubwa. Kulegeza bolti ya sampu ili itoke kidogo tu ni kazi ya kuchafuka, na oili ya moto inaunguza.

Jihadhari pia na kiwango kinachopanda chenyewe. Oili haizaliani. Ikinuka dizeli au petroli, mafuta yanavuja kuingia ndani. Kwenye magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi hutokea hasa kwa safari fupi fupi zinazokatiza usafishaji wa kichujio. Ikiwa rangi ya maziwa, huenda maji ya rejeta yamepita kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya silinda na kifuniko chao cha juu), na gari hilo lisiwashwe tena kabla ya kukaguliwa. Weusi peke yake si ugonjwa, hasa kwenye dizeli.

Baada ya kubadilisha oili na filta, washa injini dakika moja au mbili, izime, kisha upime upya, kwa kuwa filta mpya hunywa sehemu ya oili uliyomimina. Halafu andika kilomita na kiwango. Kipimo cha wiki mbili baadaye kitakuambia kama injini inakula oili, na kwa kasi gani.