Mbili si Sufuri

Kuku wangu kumi na wawili huishi juu ya paa la saruji la nyumba ya kupanga mtaani Umoja, na kwa mwezi mzima mayai yao yalikuwa yakipotea. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekaa Kariobangi, ndiye aliyenunua vifaranga, kwa hiyo alidai haki ya kuutazama mtaji wake wakati wowote. Nikafunga kamera ndogo na kuiunganisha na ruta yenye laini ya simu. Mimi niliyekuwa nyumbani niliwaona kuku vizuri. Mjomba hakuona hata unyoya.

Kisa kilikuwa uhaba. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani zina biti 32, yaani nafasi 32 za sufuri au moja, hivyo hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Ndiyo maana kampuni za simu huwabana wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wanafunzi wa bweni wanaotumia sanduku moja la posta: barua zinazotoka hufika ziendako, lakini inayoingia bila jina hakuna ajuaye ni ya nani. Kamera yangu ilikuwa mwanafunzi asiye na jina.

Kisha mtandao wangu ukahamia mfumo mpya wa anwani, IPv6, ambao anwani zake ni za biti 128, nyingi kiasi kwamba kila kuku angepewa yake, na kila unyoya wake pia. Kamera ikapata anwani yake yenyewe. Kwa furaha nilipanda paani na kumpigia mjomba simu ili nimsomee. (Ujumbe mfupi haukufaa, kwani mjomba husoma jumbe Jumapili pekee, baada ya ibada.)

Anwani hizi huchanganya tarakimu na herufi, kuanzia a hadi f, na yetu, kama nyingi za Afrika, ilianza na 2c0f. Nami, kama Wakenya wengi waliopitia shule, hutaja herufi kwa matamshi ya Kiingereza.

"Mbili, si, sufuri," nilianza.

"Naam, mbili si sufuri," mjomba alikubali. "Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Sasa nitajie anwani."

Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo anwani. Akanyamaza kwa heshima, kama mtu aliyepokea habari za msiba, kisha akaniruhusu niendelee.

"Si tano."

"Kama si tano, ni ngapi?"

"Bi nane."

"Bi nani? Kumbe kuna mwanamke huko juu! Ndiye anayechukua mayai?"

Wakati huo nilikuwa nikitembea huku na huko nikipaza sauti, na majirani walikuwa wamejaa madirishani. Tulipofika pale ambapo makundi ya sufuri hufupishwa kwa kurudia alama ya nukta mbili, nilisema, "Nukta mbili, mara mbili," naye, akiwa mtu wa hesabu safi, akaandika nukta nne kwa mstari. Tulirudia yote tangu mwanzo. Kisha nikakumbuka kwamba kivinjari hakiikubali anwani ya namna hiyo mpaka ifungwe kwa mabano ya mraba, jambo lililotugharimu dakika nyingine ishirini, kwa sababu simu ya mjomba iliyaficha mabano hayo katika ukurasa wa pili wa kibodi na mjomba haamini kwamba kibodi ina kurasa.

Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, "Nakuona, mpwa wangu."

Nilishangilia.

"Tazama ulipokanyaga."

Nikatazama. Nilikuwa nimesimama katikati ya kiota.

"Umevunja mangapi? Matano?"

"Si matano, mjomba."

Akafikiri kidogo. "Hiyo *si* ni ya kukanusha, au ni ile ya herufi?"