Butere haihitaji treni kubwa

Jana hapa Ujerumani treni ya kijijini ilichelewa dakika nne na mama mmoja akalalamika mpaka tukashuka. Dakika nne, jameni! Mimi akili ilikuwa stage ya Luanda, kwetu magharibi mwa Kenya, saa moja usiku, watu wanang'ang'ania matatu ya mwisho na fare imepanda.

Na msianze kusema nimevimba kichwa, ngojeni nieleze. Hiyo treni ni behewa moja tu. Haina kichwa cha kuivuta, injini ya dizeli iko chini ya sakafu na dereva ana chumba chake kila upande, ikifika mwisho wa reli anatembea tu ndani anaketi upande ule mwingine mnarudi. Abiria wakizidi wanaunganisha mbili ama tatu, na dereva bado ni yule mmoja.

Mtasema hao wako na pesa. Sawa, 1933 walikuwa na treni ya dizeli ya Fliegender Hamburger ikikimbia kilomita 160 kwa saa kati ya Berlin na Hamburg, hiyo ilikuwa ya matajiri. Lakini iliyookoa vijiji ilitoka kiwanda cha Uerdingen kuanzia 1950, nchi bado inajijenga baada ya vita, wakachukua injini ya Büssing, wale wa malori na mabasi, wakaiweka chini ya behewa jepesi kwa sababu treni ya mvuke kubeba watu wachache ilikuwa hasara tupu.

Sasa sisi reli tuko nayo! Ilifika Butere 1930, inapita Maseno, Luanda, Yala. Lakini kwetu treni lazima iwe ndefu na mheshimiwa aje kuizindua. Ile ya Nairobi–Kisumu iliporudi Desemba 2021 nilifurahi sana, haki ya Mungu, lakini mtu wa Yala anayeenda kazi Kisumu kila asubuhi imemsaidia na nini?

Na wewe unayesema "Ulaya ni Ulaya", mbona Nairobi treni kama hizo ziko? 2020 walileta DMU, yaani treni za abiria zenye injini ya dizeli kwenye behewa lenyewe, zilizotumika kutoka Mallorca huko Uhispania, reli ya huko ina upana wa mita moja kama yetu ya mkoloni, na watu wa Nairobi wanapanda. Kwa hivyo inawezekana, ni vile tu magharibi hatuhesabiwi, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko kitu kingine. Matatu siyachukii, ndiyo yalinipeleka shule. Nataka tu treni ndogo mbili za kuanzia, alfajiri moja itoke Butere, nyingine itoke Kisumu, zipishane katikati, halafu mniambie kama zitakosa watu.