Nazi Inakumbuka Bahari

Pale kijiweni kwetu Magomeni wananiita Profesa, na kabla hujanionea wivu ujue hilo jina si la heshima, ni la kunichamba, maana kila nikikaa na kikombe changu cha kahawa chungu lazima niwamwagie kitu nilichosoma usiku. Tatizo watu wangu hawataki kitu cha kweli kabisa. Niliwaambia pweza ana mioyo mitatu na damu yake ya buluu, wakacheka mpaka muuza kahawa akaangusha sinia la kashata. Nikawaambia twiga na urefu wote ule ana mifupa saba tu ya shingo kama wewe hapo, jamaa mmoja akajipapasa shingo akasema mbona mimi nahisi mitano. Basi nikaona niwape historia ya nyumbani, kwamba tarehe 27 Agosti 1896 Uingereza na Zanzibar walipigana vita ikaisha haijafika hata dakika 45. Mzee mmoja akaweka kikombe chini taratibu. "Profesa, dakika 45 si haftaimu hiyo? Vita gani inaishia haftaimu? Acha fiksi."

Iliniuma bana. Nikasema hawa leo nawapa uongo mtupu, tena mbichi.

"Mnajua kwa nini nazi ina macho matatu?"

Kimya. Nikaanza na ukweli kwanza, maana uongo mkavu haupiti kooni, lazima uwe na mchuzi. Nikawaambia katika yale macho matatu moja ndo laini, mche unatokea hapo, halafu nazi ikidondoka baharini inaelea weee ikifika ufukweni inaota kama hakuna kilichotokea. Wote wanatikisa vichwa. Ndo nikachomeka hapo: "Sasa wataalamu wamegundua nazi inakumbuka bahari. Ukiikuna umeielekea bahari tui linakuwa zito, ukiipa bahari mgongo linakuwa maji. Tofauti asilimia 30." Hiyo 30 niliiona kwenye mgongo wa jezi ya dogo aliyekuwa anapita. Nikamalizia, "ndo maana bibi zetu majiko yao yalikuwa uani," sentensi ambayo haina maana yoyote lakini hakuna aliyeuliza.

Hakuna aliyesema fiksi pia! Yule mzee wa haftaimu akavuta pumzi, "Hilo hata marehemu mama alikuwa analisema sana." Marehemu mama yake. Kitu nimekitunga dakika mbili zilizopita.

Nikaenda zangu nyumbani najicheka, nikasahau.

Wiki tatu baadaye tuko Tanga ukweni, shemeji yangu anaolewa. Nimefika asubuhi, shikamoo mama, marahaba baba, habari za safari, nzuri, napitishwa uani kwenda kunawa mikono, naona wamama kama kumi wamekaa kwenye mbuzi za kukunia nazi, wote wametazama upande mmoja kama abiria wa basi, na huo upande ni ukuta wa choo cha jirani. Wanakuna huku pua zao ziko hatua mbili kutoka ukutani, uwanja wote nyuma yao uko wazi, kuku wanajitanua. Nikauliza kwa adabu, mama mbona mmejibana huku?

Mama mkwe akanitazama kwa huruma. "Baba hujasikia? Nazi inakumbuka bahari."

Mwili wote ulinisisimka. Akatoa simu akaniwekea vois iliyokuja kwenye grupu la familia, sauti ya mtu nisiyemjua, nzito ya kitaalamu, macho matatu, kuelea, kila kitu, ila asilimia imeshapanda imefika 70 na wataalamu wamekuwa Wajapani. Na balaa zaidi ni kwamba Tanga mjini bahari iko kaskazini, na kibla cha Tanga nacho ni kaskazini, sasa shangazi mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Unaona mambo ya Mungu?" Utambishia nini hapo.

Ningenyamaza yangeisha. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikasema, mama samahani, hiyo habari si kweli, hiyo nimeitunga mimi mwenyewe kijiweni.

Mbuzi zote kumi zikanyamaza.

"Wewe baba," akasema mama mkwe taratibu, "umesomea nazi?"

"Hapana mama."

"Basi njoo ukune moja ukiwa umeipa bahari mgongo. Tuone."

Nikaletewa mbuzi, mwanaume mzima nimevaa shati la harusini nakaa uani mbele ya wakwe, nimegeukia kuku. Kuna siri ya kukuna nazi ambayo hakuna aliyeniambia, unaizungusha kifuu taratibu na mkono mwepesi, nazi inadondoka laini kama unga. Mimi nilikuwa naisukuma kama napiga randa mlango, vinatoka vipande vya ukubwa wa kucha, vyeusi vya kifuu vimo, na damu kidogo maana lile jino la mbuzi lilinipata kwenye kidole gumba. Halafu naapa ile nazi waliyonipa ilikuwa koroma. Nazi haijakomaa tui litatoka wapi? Bibi aliyeelekea ukutani kapewa nazi kavu inayolia maji ndani, na ana miaka hamsini ya uzoefu, na akakamulia maji ya uvuguvugu, mimi nikapewa ya mtungini ya baridi.

Yakachujwa mabakuli mawili. La bibi zito, jeupe, kijiko kinasimama. La kwangu lilikuwa kama maji yaliyooshea bakuli la bibi.

Vigelegele vikapigwa. Kabla ya bibi harusi.

Ndani ya basi narudi Dar najifariji na ile stori ya BBC, tarehe 1 Aprili 1957 waliwaonyesha Waingereza wakulima wa Uswisi wanavuna tambi mtini na watu wakapiga simu kuulizia namna ya kuupanda. Angalau wao BBC hawakulazimishwa kuvuna.

Jumatatu nafika kijiweni, kidole kina plasta, muuza kahawa ananimiminia huku macho yamemtoka. "Profesa! Ile ya nazi imethibitishwa! Wamefanya jaribio Tanga, kuna mkwe mmoja msomi alibisha, wakamkalisha kwenye mbuzi, akaumbuka mbele ya ukoo mzima."

Nikasema huyo mkwe ni mimi. Nikaonyesha kidole.

Mzee wa haftaimu hata hakuinua kichwa kwenye bao. "Acha fiksi."

Na wanasema huyo mkwe alilia. Sikulia mimi. Ule ulikuwa moshi, jiko la pilau lilikuwa pale pembeni.