Kufungwa makusudi kwa ajili ya drafti: anayeshika mkia anapata nini hasa?

Watanzania waliokuwa wakifuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009 hawajausahau usiku ambao Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alikuwa wa 2 kuitwa kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Memphis Grizzlies waliomchukua walikuwa wametoka kwenye msimu wa kushinda mechi 24 na kufungwa 58. James Harden aliitwa baada yake, na Stephen Curry akasubiri hadi nafasi ya 7. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alikuwa ameshapelekwa kucheza ligi ya maendeleo.

Sisemi kwamba Memphis walifungwa kwa makusudi. Namkumbuka Thabeet kila unaporudi mjadala wa timu kufungwa makusudi ili zichague mapema kwenye drafti, kwa sababu watetezi wa kufungwa makusudi huzungumzia chaguo la juu kana kwamba ni nyota aliyekwisha iva. Ukweli ni kwamba unachukua kijana anayehitaji kufundishwa kazi, na kama amekuja kwenye timu iliyoamua kufungwa, wa kumfundisha ni nani?

Kwa aliyezoea soka, utaratibu wenyewe ni mgeni. Huku kwetu timu inayoburuza mkia inashuka daraja. NBA hakuna daraja la kushukia, na timu mbovu ndizo zinazopewa nafasi kubwa ya kuchagua vijana bora kwa bahati nasibu. Wala kufungwa makusudi si kupanga matokeo: mchezaji aliye uwanjani hucheza kwa nguvu zake zote. Uongozi ndio unaouza wakongwe, unaopumzisha mchezaji asiye na jeraha la maana, na kumwachia kocha kikosi kisichoweza kushinda.

Hoja ya watetezi wa mkakati huu si ya kipuuzi. Mji mdogo hauwavuti mastaa walio huru kuchagua timu, na timu inayomaliza katikati kila mwaka hutolewa mapema kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, au haifiki kabisa, huku ikichagua vijana wa nafasi ya 15. San Antonio Spurs walikuwa na mwaka mmoja mbaya, 1996-97, nyota wao David Robinson akiwa majeruhi. Wakampata Tim Duncan, na pamoja naye wakabeba makombe matano. Oklahoma City walimweka nje mkongwe wao Al Horford mwaka 2021 ingawa alikuwa mzima, na mwaka 2025 wakawa mabingwa. Anayetaka kupinga mkakati huu lazima aijibu mifano hiyo.

Mwaka ule wa Duncan, timu iliyokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumpata ilikuwa Boston, iliyoshinda mechi 15 tu, na ilimkosa. Tangu 2019 mambo yamekuwa magumu zaidi kwa anayeshika mkia. Zamani alikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Kanuni zilipobadilishwa, timu tatu za chini zikapewa asilimia 14 kila moja. Namba inayonishughulisha zaidi, ambayo ni nadra kutajwa, ni 47.9. Hiyo ndiyo asilimia ya timu ya mwisho kabisa kuangukia nafasi ya 5. Karibu nusu! Uongozi unawaomba mashabiki walipie tiketi mwaka mzima kuangalia vipigo, na matokeo yanayowezekana kuliko mengine yote ni kwamba timu nne zitachagua kabla yao.

Na ndivyo ilivyotokea. Katika bahati nasibu saba, kuanzia 2019 hadi 2025, timu yenye rekodi mbaya kuliko zote haikupata chaguo la kwanza hata mara moja. Detroit waliangukia la 5 mwaka 2023 na tena 2024. Utah, waliotozwa faini ya dola 100,000 mwezi Machi 2025 kwa kumweka nje nyota wao Lauri Markkanen, walimaliza na ushindi 17, nao wakaambulia la 5. Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu, ndio waliopata chaguo la kwanza na kumchukua Cooper Flagg.

Timu inayojenga upya itafungwa sana hata ikijitahidi, kwa hiyo hesabu inayofaa ni faida ya zile mechi chache za ziada zinazotupwa. Timu ya tano kutoka chini ina asilimia 10.5 ya kupata chaguo la kwanza. Ni kweli kwamba yenyewe inaweza kuporomoka hadi la 9, ilhali ya mwisho haishuki chini ya la 5, na kinga hiyo ina thamani. Lakini kwa chaguo la kwanza lenyewe, linalotajwa kila siku, tofauti ni pointi tatu na nusu.

Philadelphia walilipa gharama kubwa kuliko wote. Kati ya 2013 na 2016 walishinda mechi 47 na kufungwa 199. Walimpata Joel Embiid kutoka Cameroon, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, kisha Ben Simmons na Markelle Fultz, wote wawili chaguo la kwanza. Tangu mpango ule uanze, hawajacheza hata fainali ya kanda, hatua moja kabla ya fainali ya ligi.

Nikirudi kwa Oklahoma City, nyota wao Shai Gilgeous-Alexander hakutokana na vipigo: walimpata mwaka 2019 walipomuuza Paul George kwa Clippers, na biashara hiyohiyo ndiyo iliyowaletea chaguo la 12 walilomchukulia Jalen Williams. Kati ya nyota wao watatu, Chet Holmgren peke yake, wa 2 mwaka 2022, ndiye tunda la vipigo. Kuuza wakongwe na kuwapa vijana dakika ni kazi halali, na ikileta vipigo, ivumiliwe. Kumkalisha benchi mchezaji asiye na jeraha mwezi Machi, msimu ukielekea kuisha, ni jambo lingine.

Detroit walifungwa mara 28 mfululizo msimu wa 2023-24 na kumaliza na ushindi 14. Cade Cunningham, chaguo la kwanza la 2021, alikuwa hapohapo akipokea vipigo hivyo. Kiangazi kilichofuata wakaajiri kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na kuwaleta wakongwe kama Tobias Harris na Malik Beasley wacheze kando yake. Wakashinda mechi 44 na kuingia kwenye mchujo.