Chora pale pesa zinapoweza kupotea

Msimu wa kuwasilisha miradi ukifika hapa Kisumu, ripoti za wanafunzi wa programu za kompyuta hujaa michoro ya UML, yaani lugha ya michoro ya kueleza mfumo wa programu, na inaniuma kuona kazi yote hiyo ikimwacha mwanafunzi bila jibu la swali la kwanza. Chukua mfumo mmoja wa kukusanya michango ya bodaboda wa Kondele kwa M-Pesa. Kurasa tatu zimejaa vijitu na viduara vya kuonyesha nani anatumia mfumo kwa lipi: "Ingia", "Toka", "Ona ripoti". Sasa uliza: mwanachama ameweka PIN, pesa zimetoka, lakini seva yenu haikupata majibu. Inakuwaje? Kimya.

UML 2.5 ina aina 14 za michoro. Hakuna aliyeamuru mzichore zote. Hapa mchoro wa kufa na kupona ni wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na kwa mpangilio gani.

Piga mistari minne ya wima: simu ya mwanachama, seva, M-Pesa, hifadhidata. Seva inatuma ombi la malipo kwa M-Pesa, na papo hapo inarudishiwa CheckoutRequestID, yaani kitambulisho cha ombi hilo. Hiyo ina maana ombi limepokelewa tu. Wengi huandika "amelipa" hapo hapo, na mweka hazina anabaki kuhesabu pesa ambazo hazipo. Majibu yenyewe huja baadaye yakiwa na ResultCode, namba ya matokeo: 0 amelipa, 1032 ameghairi. Mshale huo wa majibu uchore mara tatu: umefika, haukufika, umefika mara mbili. Usipofika, seva iulize yenyewe hali ya muamala. Ukifika mara mbili, seva ikague kwanza kama CheckoutRequestID hiyo imeshafungwa, la sivyo mchango mmoja utaandikwa mara mbili.

Pembeni weka mchoro mdogo wa hali za malipo: yanasubiri, yamelipwa, yameghairiwa, hayajulikani. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Usiigeuze kuwa "yameshindwa" eti kwa sababu dakika zimepita. Mwanachama ataambiwa alipe tena.

Mchoro wa majedwali ya hifadhidata, ukurasa mmoja unatosha. Ule wa klasi, yaani vipande vikuu vya msimbo, nakubali, shingo upande, kwamba unasaidia timu kukubaliana majina. Ukiorodhesha kila mbinu (kazi ambayo klasi hufanya) ndani yake, msimbo utaupita kabla wiki haijaisha. Na vile vijitu? Mwenyekiti wa chama ataelewa haraka zaidi sentensi kumi za Kiswahili.

Ninyi mnaosahihisha, tafadhali, msitoe alama kwa idadi ya michoro. Futeni mshale mmoja, kisha mwambieni mwanafunzi aeleze pesa za mwanachama ziko wapi.