Tunamkagua Muuzaji, Nyumba Hatuikagui

Juma lililopita nilipokea taarifa ya kurasa 74 kuhusu nyumba ambayo bado si yangu. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, katika kijiji kidogo cha Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, na mimi na mke wangu tumeipenda tangu siku tulipoiona. Kabla ya kusaini chochote tulimlipa mkaguzi wa majengo pauni 950, naye akashinda pale tangu asubuhi hadi alasiri akiwa na ngazi, tochi, darubini ya kutazamia bomba la moshi na kifaa chenye sindano mbili cha kupimia unyevu. Ukurasa wa 41 ndio ulionifanya niweke kikombe cha chai mezani. Ameandika kwamba plasta ya saruji iliyopakwa nje ya ukuta wa kaskazini inauzuia ukuta huo wa mawe usikauke, kwamba unyevu umepanda hadi kimo cha mita moja kutoka sakafuni, na kwamba ncha ya boriti iliyoingia katika ukuta huo ilibonyea alipoichoma kwa bisibisi. Picha imeambatishwa: bisibisi imezama ndani ya mbao kama kisu katika muhogo uliochemka.

Nilifurahi sana kuambiwa ubaya wa nyumba niipendayo. Lakini furaha hiyo haikudumu hata nusu saa, kwa sababu niliikumbuka nyumba nyingine, ya kule kwetu ng'ambo ya Busisi, mkoani Mwanza, niliyomnunulia mama mwaka 2018, na nikajiuliza kwa uchungu kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeshika bisibisi siku ile.

Nieleweke mapema kwamba uangalifu haukukosekana. Kwa miezi miwili tulimchunguza muuzaji bila kuchoka. Kaka yangu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara tatu. Tulihakikisha kwamba mke wa muuzaji anajua na ameridhia, kwamba watoto wake wanne wameweka saini, kwamba hakuna shangazi wala binamu mwenye madai, na kwamba majirani wote wanaitambua mipaka. Suala lilipita katika halmashauri ya kijiji, mihuri ikagongwa, picha za pasipoti zikabandikwa, na fedha zikahesabiwa mbele ya mashahidi. Mimi nikiwa Birmingham nilitumiwa picha ya kila ukurasa. Yote hayo yalikuwa sahihi, na hadi leo hakuna aliyejitokeza kukidai kiwanja kile. Hata hivyo, katika karatasi zote zile jengo lenyewe lilitajwa kwa maneno manne tu: "nyumba moja ya kuishi". Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya krimu, ndani na nje, na kaka yangu aliisifu rangi hiyo kwenye simu. Hatukujiuliza kwa nini mtu anayetaka kuhama anaipaka nyumba rangi wiki moja kabla ya kuiuza.

Mnajua kilichotokea katika Ziwa Victoria mwaka 2020. Maji yalipanda mwezi hadi mwezi, na ilipofika Mei yakakivuka kimo cha mwaka 1964 ambacho kilikuwa hakijafikiwa kwa zaidi ya miaka 50. Kwa mama maji hayakuingia ndani, yalisimama hatua chache kutoka ukuta wa nyuma, lakini hayo yalitosha. Nusu ya mbele ya nyumba ile imekaa juu ya mwamba, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu, na nusu ya nyuma, inayotazama ziwa, imejengwa juu ya kifusi kilichomwagwa ili kusawazisha kiwanja. Kifusi kilipolowa kwa miezi kikashuka, mwamba haukushuka, na ukuta uliovikalia vyote viwili ukapasuka. Ufa ulianzia karibu na sakafu ya chumba cha mama, ukapanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali hadi kwenye kona ya dirisha. Mama aliuziba kwa magazeti. Nilipofika likizo mwaka uliofuata niliyakuta magazeti yamelowa na kudondoka, na alfajiri mwanga wa ziwa ulikuwa ukipenya katika ufa ule na kuchora mstari juu ya chandarua chake. Fundi alipoibandua plasta alinionyesha kwamba chini ya ile rangi ya krimu palikuwa na ufa wa zamani, uliojazwa saruji na kusuguliwa ukawa laini.

Siku hiyo jirani yetu, mzee anayekaribia miaka 80, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitutazama. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, baada ya zile mvua za Uhuru, hapo penye jiko la mama yako ndipo baba yangu alipokuwa akifunga mtumbwi." Nikamwuliza, kwa heshima lakini nikiwa na donge kooni, kwa nini hakutuambia kabla hatujanunua. Akajibu: "Aliyekuja kuniuliza alitaka kujua mpaka uko wapi. Nikamwonyesha mpaka."

Maneno hayo ya mzee nimeishi nayo miaka yote hii, na ndiyo yaliyorudi niliposoma ukurasa wa 41. Sisi tumechomwa na watu, si na kuta. Tumeona kiwanja kimoja kikiuzwa kwa wanunuzi wawili, tumeona urithi ukiuzwa na ndugu mmoja huku wengine wakiwa safarini, na kwa hiyo shaka yetu yote tunaimalizia kwa muuzaji na kwenye karatasi zake. Tunapofika kwenye jengo lenyewe tumekwisha kuchoka, tunapiga picha mlangoni na kushukuru Mungu. Huku niliko, suala la mwenye mali unalimaliza kwa kulipa pauni chache na kuangalia daftari la ardhi la serikali kupitia intaneti, na macho yanabaki huru kutazama ukuta. Tena sheria yao kwa kiasi kikubwa inamwachia mnunuzi mzigo wa kasoro ambazo hakuziuliza, na ndiyo maana kazi ya ukaguzi imekua hadi ikawa taaluma yenye chama chake, RICS, kilichoanzishwa London mwaka 1868. Ukaguzi wenyewe una ngazi tatu, na ile ya tatu, iliyo ya kina zaidi, ndiyo inayoshauriwa kwa nyumba kongwe au zilizobadilishwa sana. Kila sehemu inapewa namba na rangi: kijani kwa isiyohitaji matengenezo, njano kwa inayohitaji lakini inaweza kusubiri, nyekundu kwa ile ambayo usipoishughulikia upesi utajuta. Nyumba yetu ina nyekundu tano.

Moja kati ya hizo ni ya karo la maji machafu, kwa kuwa kijiji kile hakina bomba la majitaka. Mkaguzi amefuata mkondo wake na kugundua kwamba maji ya karo yanaishia kwenye mtaro wa shamba la jirani, jambo ambalo tangu Januari 2020 haliruhusiwi, na ametueleza kwamba gharama ya kulibadilisha ni suala la kumalizana na muuzaji kabla hatujafungwa na mkataba. Nilifikiria choo cha mama, kilichojaa maji ya ziwa. Sisi nasi tuna sheria, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nilipima kwa tepu mwenyewe, maji yalipokuwa yamerudi nyuma, kutoka ukingo wa maji hadi ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama. Zilikuwa mita 43. Mwenye kuuza hakupima, dalali hakupima, waliogonga mihuri hawakupima, na mimi niliyetuma fedha sikuuliza.

Najua tayari wapo watakaosema kwamba nimekuwa mzungu, kwamba mtu akishaishi ughaibuni miaka 15 anarudi kutufundisha kununua nyumba kana kwamba babu zetu walilala porini. Sikubaliani nao, na nitasema kwa nini. Mimi bado nina pasi ya Tanzania, mama yangu ndiye aliyelala chini ya ufa ule, na fedha zilizopotea zilitoka katika zamu zangu za usiku. Mwenye kuumia ana haki ya kusema palipomuuma. Isitoshe, ninachokililia si cha Kizungu. Babu yangu mzaa mama hakujenga mahali popote bila kwanza kutazama mchwa walipojenga kichuguu na maji ya mvua yalipopita, na alijua kwa kushika udongo kama ni luseni, yaani udongo wa kichanga, au ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi utakaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Huo ulikuwa ukaguzi kamili, isipokuwa haukuandikwa. Tumeuacha wenyewe tulipoanza kununua nyumba kwa simu.

Wengine watasema fundi anatosha. Nawaheshimu mafundi wetu mno. Pandeni Mabatini, jijini Mwanza, mwone jinsi walivyozikalisha nyumba juu ya mawe makubwa, kwa mikono na nyundo, na nyingi zimesimama miaka na miaka bila hata unywele wa ufa. Mkaguzi wangu wa Shropshire asingejua pa kuanzia. Lakini fundi huitwa kujenga, na mara nyingi fundi tunayemwita kuangalia nyumba inayouzwa ni yule yule anayetarajia kazi ya kuikarabati, au ni rafiki wa dalali, na akikosea hakuna karatasi yenye jina lake. Mkaguzi wa huku ana bima ya makosa ya kitaaluma, na akiacha kuona kitu alichopaswa kukiona ninaweza kumdai. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo mtikisiko wake ulisikika hadi Mwanza, liliangusha kuta nyingi za tofali ambazo wenyewe waliamini ziko imara, na likaua watu zaidi ya 15. Baada ya jambo kama hilo sielewi tunawezaje kuendelea kununua nyumba kwa kuambiwa "iko vizuri".

Kuhusu gharama nawapa haki yao. Pauni 950 kwa kijijini kwetu ni fedha ya kuezekea paa zima, na anayependekeza gharama hiyo hajui anachosema. Sipendekezi hivyo. Mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, au hata fundi sanifu kutoka mjini asiyemjua muuzaji, akilipwa posho ya siku moja na nauli, anaweza kuchimba kona mbili za msingi, kupanda darini kugonga kenchi, kubandua plasta mahali panapotia shaka na kuketi na wazee wawili. Kule Scotland wamelitatua kwa njia nyingine: tangu Desemba 2008 muuzaji ndiye anayepaswa kuandaa taarifa ya hali ya nyumba kabla ya kuitangaza, na wanunuzi wote wanasoma taarifa hiyo moja.

Kizuizi kikubwa kwetu, nadhani, si fedha. Ni kuona haya. Kumgongea mzee wa watu ukuta wake kwa nyundo mbele ya wajukuu zake, baada ya kukaribishwa na kupewa kiti, inaonekana kama kumwita mwongo. Kijijini hununui kuta peke yake, unanunua na watu watakaokuzika. Huo ni utu ambao huku sijauona, kwa maana taarifa yangu ya kurasa 74 haina hata sentensi moja inayonieleza kama jirani ni mtu wa kuamkiana naye, na mkaguzi ameandika waziwazi kwamba hakuinua mazulia yaliyogongomelewa wala kuangalia nyuma ya makabati yasiyohama. Mzee wa kwenye kigoda asingeacha kitu kama hicho. Alikuwa na taarifa ya miaka 60 kichwani mwake, bure, na sisi tukaenda kumwuliza juu ya mpaka.

Mama sasa anaishi kwa dada yangu Buhongwa, na hapapendi, kwa sababu haoni maji. Mwezi Agosti, tukipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi ambalo tulilisubiri miaka mingi, tulikwenda kuangalia nyumba nyingine, katika kijiji kile kile lakini juu mlimani. Safari hii tulikuwa na mhandisi. Mama mwenye nyumba alinyamaza alipoiona nyundo, kisha akaniuliza: "Baba, kwani kuna neno mmesikia kuhusu sisi?" Kaka yangu alimwomba radhi kwanza, akamsimulia kuhusu ufa na magazeti, na nikaona uso wake unalegea. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuletea ngazi. Mhandisi alikuta mchwa katika kenchi mbili na msingi uliokaa vyema juu ya mwamba pande zote nne, lakini alikataa kuandika neno la mwisho kuhusu ukuta wa upande wa mlima, kwa sababu ulikuwa mkavu na yeye anataka auone ukinyeshewa. Tumekubaliana na mama yule tusubiri mvua za Machi. Ametuahidi kwamba hatapaka rangi.